Nani Aliyeangusha Ukuta? Haki na Usalama wa Majengo Yetu baada ya Tetemeko la Kagera



Kamati ya Haki na Amani imetuomba tuzungumzie jambo ambalo kwa kulitazama mara ya kwanza laonekana kuwa la wahandisi peke yao. Nyumba zetu, shule zetu, zahanati zetu na makanisa yetu yajengwe namna gani, hata ardhi ikitikisika yasiwaangukie waliomo ndani? Sisi hatukusomea uhandisi. Lakini padre hubatiza, hufungisha ndoa, na huzika. Naye azikaye ana haki ya kuuliza kilichoua. Tumewauliza mafundi waashi, tumewauliza wahandisi, na tumesoma habari za nchi zilizopatwa kabla yetu. Haya tunayowaletea ndiyo tuliyoyakusanya.

Tuanze na yale tunayoyajua sote. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ilitetemeka katika mkoa wa Kagera. Kitovu cha tetemeko kilikuwa kaskazini ya Bukoba, kuelekea mpaka wa Uganda, na ukubwa wake ulipimwa kuwa 5.9. Watu wasiopungua 17 walifariki dunia, mamia wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka. Shule za Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa. Usiku ule, na nyingi zilizofuata, familia zililala migombani kwa kuogopa kuta zao wenyewe.

Yafaa tuikumbuke siku hiyo na saa yake. Ilikuwa Jumamosi mchana. Wengi walikuwa nje, mashambani, sokoni na njiani. Watoto wa shule za kutwa hawakuwamo madarasani. Lingetokea saa nane usiku, au Jumatatu saa nne asubuhi, au Jumapili katikati ya Misa ya pili, tungekuwa na hesabu nyingine kabisa ya makaburi.

Yafaa pia tujue kwamba, kwa vipimo vya dunia, tetemeko lile halikuwa kubwa. Katika nchi ya Japani tetemeko la 5.9, tena lililoanzia kilomita 40 hivi chini ya ardhi kama lile letu, kwa kawaida huangusha vitabu kutoka rafuni, na baada ya saa moja watu huendelea na kazi zao. Nasi tunakaa kandokando ya Bonde la Ufa, ambako matetemeko makubwa kuliko hilo yamekwisha kutokea. Tarehe 13 Desemba 1910 ardhi ya Rukwa ilitikiswa kwa nguvu ya 7.4. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko la Toro, huko Uganda, liliua watu zaidi ya 100. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 lilitokea tetemeko karibu na Bukavu, lenye ukubwa wa 5.9 sawasawa na letu, na upande wa Rwanda peke yake wakafa watu zaidi ya 30, wengine wakiwa ibadani. Siku ya tetemeko lijalo haijulikani kwa mtaalamu yeyote, na anayedai kuijua msimsikilize. Kwamba litakuja, hilo wataalamu hawalibishani.

Katika mazishi ya siku zile yalisemwa sana maneno haya: ni kazi ya Mungu, na kazi ya Mungu haina makosa. Twayaheshimu yatokapo kinywani mwa mfiwa, kwa maana mfiwa hutafuta mahali pa kushika. Yakitoka kinywani mwa aliyejenga, au aliyesimamia, au aliyekabidhiwa fedha za saruji, tusiyapokee kwa haraka. Mwinjili Luka ataja mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Bwana wetu alilikataa wazo la kwamba hao 18 walikuwa wakosefu kuliko wenzao wa Yerusalemu. Kwa hiyo tusiwatafutie marehemu wetu dhambi ya kuwaangushia ukuta. Tena Torati, katika sura ya 22 ya Kumbukumbu la Torati, humwagiza kila ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, mtu asije akaanguka kutoka juu na nyumba ile ikadaiwa damu. Tazameni neno hilo lilivyo la kifundi: ni kanuni ya ujenzi iliyowekwa ndani ya Maandiko Matakatifu, na mwenye kudaiwa ni mwenye nyumba. Urefu wa dari haudaiwi kitu. Mahali ambapo ukuta ulisimamishwa kwa udongo badala ya saruji, na linta ikaachwa ili fedha zibaki, tusiiandike hasara hiyo katika daftari la Mungu.

UKUTA HUANGUKAJE?

Tuvumiliane kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu, na kila mmoja wenu aweza kupaelewa bila kwenda chuoni.

Nyumba ya kawaida hujengwa ili ibebe uzito ushukao chini. Tofali hukaa juu ya tofali, paa hukaa juu ya ukuta, na uzito wenyewe hushikilia kila kitu mahali pake. Nyumba ya namna hiyo yaweza kukaa miaka 50 bila neno. Lakini tetemeko hutikisa ardhi huku na huku. Msingi hufuatana na ardhi, na sehemu ya juu ya ukuta hutaka kubaki pale ilipokuwa. Chukueni kitabu kinene mkisimamishe mezani, kisha mvute meza kwa ghafla. Mkiivuta kwa kufuata urefu wa kitabu, kitabu kitastahimili. Mkiivuta kuelekea ubavuni mwake, kitalala. Ukuta nao ni hivyo: una nguvu ukisukumwa kwa urefu wake, na hauna nguvu ukisukumwa ubavuni.

Sasa simamisheni vitabu vinne kama kuta nne za chumba, mvizungushe utepe mmoja kwa juu na kuukaza. Vuteni meza tena. Ukuta unaosukumwa ubavuni utashikwa na wenzake wawili wanaosukumwa kwa urefu. Chumba kimekuwa sanduku. Utepe ule ndio mafundi wetu wanaouita linta: mkanda wa zege wenye nondo ndani yake, unaozunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha, bila kukatika mahali popote. Na neno "bila kukatika" ndilo lenye uzito. Vipande vya zege vilivyowekwa juu ya mlango na juu ya dirisha tu, kama tunavyoviona katika nyumba nyingi, hubeba matofali ya juu yake na basi, havifungi kuta. Tena nondo zikifika kwenye kona hazipaswi kuishia hapo. Hukunjwa zikaingia katika ukuta wa pili, zikalazwa pamoja na nondo za huko na kufungwa kwa waya. Kona ndiyo mahali ambapo nyumba hufunguka kama boksi lililolowa, na kona ndiyo mahali ambapo fundi mwenye haraka hukata nondo.

Nyumba nyingi zilizoanguka Kagera zilikuwa za matofali ya kuchoma au ya udongo mbichi, yaliyounganishwa kwa udongo, bila linta. Wenye nyumba hizo walidhani wamejenga kwa uimara, kwa kuwa tofali la kuchoma ni gumu. Ugumu wa tofali haumsaidii mtu kama kile kilicho katikati ya tofali na tofali ni udongo uliokauka. Hata palipotumika saruji, mara nyingi mfuko mmoja hunyoshwa kufanya kazi ya mifuko miwili au mitatu. Kisha matofali hujengwa yakiwa makavu, yakanywa maji ya saruji kabla haijashika. Kuyalowesha matofali kabla ya kuyajenga, na kuumwagilia ukuta maji kwa siku saba, ni kazi ya ndoo na mikono. Watoto wa Utoto Mtakatifu waweza kuifanya.

Madirisha nayo yana habari yake. Siku hizi twapenda madirisha makubwa, mwanga uingie, na jambo hilo ni jema. Lakini dirisha likisogezwa hadi kwenye kona, kona inabaki na mguu mwembamba wa matofali, na mguu huo ndio unaovunjika kwanza. Liachwe walau umbali wa sentimita 60 kutoka kona. Na ile pembetatu ya matofali inayopanda mwisho wa nyumba hadi kileleni mwa paa, ambayo kwetu huonwa kuwa ndiyo uzuri wa kanisa, husimama peke yake bila kushikwa na kitu. Katika matetemeko mengi hiyo ndiyo hutangulia kuanguka, tena huangukia mlangoni, mahali watu wanapokimbilia. Yaweza kuachwa kabisa, na nafasi yake ikazibwa kwa mbao au bati jepesi. Asiyetaka kuiacha aifunge kwa mkanda wa zege na kuishikamanisha na kenchi.

Linta ina faida nyingine ambayo hatuhitaji kungoja tetemeko ili tuione. Kenchi zikifungwa kwa nyaya au vyuma vilivyozikwa ndani ya zege, paa haliezuliwi ovyo na upepo. Kila msimu wa mvua twasikia habari za madarasa yaliyoezuliwa mapaa. Kazi moja huzuia maafa mawili.

Kabla hatujaondoka kwenye mambo ya ufundi, tuseme neno juu ya msonge. Wazee wa Buhaya walijenga msonge kwa miti na nyasi, kiunzi kilichofumwa kama kapu lililofunikwa. Ardhi ikitikisika, kapu huyumba. Hata likilala, waliomo hawapondwi. Nyumba ya miti na udongo iliyojengwa vizuri ina sehemu ya wema huohuo. Kisha zikaja kampeni za nyumba bora, na tofali likawa heshima ya mtu. Aliyebaki na nyumba ya miti alionwa kuwa nyuma. Hatusemi turudi kwenye nyasi. Moto una habari zake, na mchwa wana habari zao. Twasema kwamba tulipohama kutoka kwenye kiunzi cha miti kuingia kwenye tofali, kile kilichoishika nyumba pamoja tulikiacha nyuma, na mahali pake hatukuweka nondo. Mwenye bidii aliyefyatua matofali yake miaka minne, akayachoma, akajenga, alijikuta na nyumba ya hatari kuliko ya babu yake. Hilo ni jambo la kusikitisha sana, na halikuwa kosa lake. Hakuna aliyempelekea elimu hiyo kijijini.

HABARI ZA WENZETU

Kwamba maafa haya ni habari ya haki kabla ya kuwa habari ya ardhi, nchi mbili zatuonyesha wazi kuliko maneno yetu. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ukubwa wa 7.0 liliipiga Haiti. Tarehe 27 Februari ya mwaka huohuo tetemeko la 8.8 liliipiga Chile. La Chile lilitoa nguvu karibu mara 500 ya lile la Haiti, na waliofariki walikuwa zaidi kidogo ya 500. Huko Haiti Serikali ilitaja zaidi ya watu 200,000. Ni kweli kwamba la Haiti lilitokea karibu sana na mji mkuu wenye watu wengi, na hilo lazima lihesabiwe. Lakini Chile ilikuwa na kitu ambacho Haiti haikuwa nacho. Baada ya tetemeko la Chillán la mwaka 1939, lililoua makumi ya maelfu, nchi ile iliweka kanuni za ujenzi na ikaendelea kuzikaza kila ardhi ilipoifundisha jambo jipya. Sheria yake humwajibisha aliyejenga na kuuza jengo kwa kasoro za muundo kwa muda wa miaka 10. Ajuaye kwamba kwa miaka 10 ataitwa mahakamani hapunguzi nondo.

Kanuni peke yake haitoshi. Uturuki ilikuwa nazo, tena nzuri. Mwaka 2018 Serikali ya huko ilitoa msamaha kwa majengo yaliyojengwa kinyume cha sheria: mwenye jengo alipe ada, apewe hati. Tarehe 6 Februari 2023 likaja tetemeko la 7.8, na katika Uturuki na Siria wakafa watu zaidi ya 50,000. Hatuwezi kusema kila jengo lililoanguka lilikuwa na hati ya namna hiyo. Lakini hati iliyolipiwa ada haikuongeza hata nondo moja katika ukuta. Nasi tunafahamu kwetu majengo huanguka hata ardhi ikiwa imetulia: siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa bado linajengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam liliporomoka likaua watu 36.

Sasa tuingie nyumbani mwetu wenyewe, yaani Kanisa. Katika tetemeko la Haiti kanisa kuu la Port-au-Prince lilibomoka, na Askofu Mkuu Joseph Serge Miot akafariki siku hiyo. Tarehe 15 Agosti 2007, jioni ya Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, tetemeko la ukubwa wa 8.0 liliupiga mji wa Pisco nchini Peru. Katika kanisa la San Clemente ilikuwa ikiadhimishwa Misa ya kumwombea marehemu. Dari zito la tao likawaangukia waamini, wakafa zaidi ya mia moja. Kanisa ni jengo lenye kuta ndefu, refu kwa kimo, lisilo na kuta za kati za kulishika, na watu hukusanyika humo kwa mamia kwa saa ileile kila juma. Ni jengo linalohitaji uangalifu kuliko nyumba ya mtu yeyote parokiani.

Je, hujengwaje? Ninyi wanakamati mnajua kuliko sisi. Mwaka wa mavuno mazuri ya kahawa hujengwa msingi. Kisha harambee, kuta zikafika usawa wa madirisha. Kisha kimya cha miaka miwili, mvua ikinyeshea kuta zilizo wazi, miche ikiota juu yake. Kamati hubadilika, fundi hubadilika, mchoro hupotea. Mwishowe waamini wamechoka kuchangia na wanataka waone paa, na padre naye anataka abariki kanisa kabla hajahamishwa. Hapo ndipo linta hufika kwenye meza ya kamati, nayo ina sifa moja mbaya: ikishapigwa lipu haionekani. Vigae vya altare vinaonekana, madirisha ya rangi yanaonekana, geti linaonekana. Hatujaona bado mfadhili aliyeomba jina lake liandikwe kwenye nondo. Basi nondo za milimita 12 huwa za milimita 8, na linta iliyokuwa izunguke kanisa lote huishia juu ya milango. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja alitaka kanisa liishe. Ndiyo maana twasema jambo hili lahitaji taratibu iliyoandikwa, kwa sababu nia njema pekee haijalishika jengo lolote.

Peru, ambako kanisa lile lilianguka, ndiyo pia iliyotupa habari ya matumaini. Chuo Kikuu Katoliki cha Peru, huko Lima, kimetumia miaka mingi kutafuta namna ya kuziokoa nyumba za tofali la udongo mbichi, yaani nyumba za maskini, ambazo wahandisi wengi hawakujali kuzitazama. Walijenga nyumba hizo juu ya meza ya mtambo unaotikisika, wakazitazama zikivunjika, wakajifunza. Walijaribu mianzi ndani ya kuta. Baadaye, miaka ya mwisho ya 1990, walichukua nyumba ambazo watu walikuwa wanaishi humo, wakapigilia vipande vya wavu wa nyaya kwenye kona na kuzunguka sehemu ya juu ya kuta, ndani na nje, wakavifunika kwa saruji. Tarehe 23 Juni 2001 tetemeko la 8.4 lilipiga kusini ya nchi ile. Nyumba zilizokwisha kuimarishwa zilisimama, na nyumba za majirani, za udongo uleule, zikapasuka na kuanguka. Twaomba mlishike jambo hilo: nyumba hizo hazikubomolewa ili zijengwe upya. Ziliimarishwa zikiwa zinakaliwa.

TUFANYE NINI HAPA KWETU?

Twalisema hilo kwa sababu maalumu. Baada ya mwaka 2016 misaada mingi ilielekezwa kwenye shule, huduma za afya na majengo mengine ya umma, na wananchi wengi walijenga upya kwa uwezo wao wenyewe. Watu wana maoni mbalimbali juu ya uamuzi huo, na leo hatuufungui mjadala wake. Matokeo yake tunayaona: asiye na kitu alijenga upya kwa matofali yaleyale aliyoyachambua kwenye kifusi, kwa udongo uleule, kwa namna ileile. Na aliyebaki na nyumba yenye nyufa alizipaka lipu, kisha rangi. Ziko nyumba, na yako madarasa pia, ambayo mtu akiingia leo huona ukuta mweupe unaong'aa, na ufa wa mwaka 2016 umelala chini ya rangi ukingoja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza tunayoipendekeza kwa kila jumuiya ni kukumbuka. Wakaao katika nyumba wanajua ufa ulipita wapi. Ufa mwembamba uliomo ndani ya lipu tu si wa kuogofya sana. Ufa unaopita kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha, ufa ulioachanisha kuta mbili kwenye kona, ukuta ulioinama unapopimwa kwa timazi, hayo ni mambo ya kumwita mhandisi wa halmashauri ya wilaya ayaone. Waraka wa kumwomba aje uandikwe, nakala ibaki parokiani na tarehe yake. Shule na zahanati zitangulizwe. Kisha nyumba za wajane na wazee wanaoishi peke yao, ambao wakati wa tetemeko hawawezi kukimbia, na wakati wa ujenzi hawana wa kuwasimamia mafundi.

Kwa nyumba isiyo na uwezo wa zege, tusiache kabisa. Mkanda waweza kufanywa kwa miti: miti miwili sambamba, iliyounganishwa kwa vipande vya kukingama mfano wa ngazi, ikalazwa juu ya kuta zote nne na kufungwa vizuri kwenye kona. Haiifikii linta ya zege, lakini ni bora mara nyingi kuliko ukuta usioshikwa na kitu. Hapo ndipo vijana wetu waliojifunza useremala wanapoweza kutoa sadaka ya siku mbili.

Tunajua kuna wanaosema: Padre, watu hawana chakula, na wewe watuletea habari za nondo. Hoja hiyo ni nzito, nasi hatuidharau. Tujibu kwa hesabu ya kijijini. Nyumba ndiyo akiba kubwa kuliko zote aliyo nayo mkulima. Ng'ombe aliuzwa humo, kahawa ya miaka mitano iliingia humo. Ikianguka, hata kama hakuna aliyekufa, familia imerudishwa nyuma kwa kizazi kimoja, na mtoto aliyekuwa aende sekondari haendi. Kwa mwenye kipato kidogo, afadhali nyumba ya vyumba viwili yenye linta kuliko ya vyumba vinne isiyo nayo. Vyumba viwili vingine vyaweza kungoja. Twajua si rahisi kumwambia hivyo mtu mwenye watoto saba.

Kwa majengo ya Kanisa hatuoni sababu ya kungoja. Tunaleta mbele yenu pendekezo, mlijadili katika makundi alasiri hii: kwamba katika parokia zetu pasiwe na ukuta utakaopita usawa wa madirisha kabla fedha za linta nzima hazijawa benki, zikiwa zimetengwa kwa kazi hiyo peke yake, kwamba siku ya kumwaga zege wawepo wanakamati wawili, mmoja wao mwanamke, wazihesabu nondo na kuzipima unene kabla hazijafunikwa, na kutia sahihi katika daftari, na kwamba mchoro wa jengo utunzwe pamoja na vitabu vya ubatizo, usiondoke na fundi wala na padre. Tumesema mmoja awe mwanamke kwa kuwa tumeona akina mama wa WAWATA wakihesabu sahani mia tatu baada ya sherehe bila kupotea hata moja. Kuhesabu nondo hakutawashinda.

Wapo mafundi miongoni mwenu ambao huenda wanaona tumewasema vibaya. Sivyo. Fundi hujenga anachoambiwa na anacholipwa. Tukimlipa kwa haraka yake, atatupa haraka. Tena wengi wa mafundi wetu hawajapata kuonyeshwa kona iliyofungwa ipasavyo, ndiyo sababu tulimwomba mmoja wao, aliyefanya kazi ya ujenzi wa shule baada ya tetemeko, aje nasi leo. Amejenga nje, chini ya mwembe, kona mbili zinazofika kimo cha kiuno: moja kama tulivyozoea, na moja yenye nondo zilizokunjwa na kufungwa, zege lake bado halijamwagwa ili mpate kuona ndani. Tutoke tukazitazame, kila mmoja azishike kwa mkono wake, kisha turudi kwa maswali.